Mwendo wa Ndege Hauanzii Uwanjani

Kila panapozuka mjadala kuhusu usafiri wa angani nchini, hapakosi mtu wa kutukumbusha kuwa kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa ndege ni dakika 45 tu. Kauli hii imerudiwa mara nyingi mno hata imekuwa kama kweli ya maumbile, mfano wa kusema kwamba maji huteremka na moshi hupanda. Mimi nina shaka nayo. Si kwamba ni uongo, la hasha. Shaka yangu ni kuwa haituelezi dakika hizo ni za nani, zinaanza kuhesabiwa wapi na zinakomea wapi.

Swali hili si la mzaha, maana kwa zaidi ya mwongo mmoja sasa taifa limekuwa likivutana juu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Mnamo Desemba 2013 tulizinduliwa ujenzi wa jengo kubwa la abiria lililoitwa Greenfield. Kufikia 2016 mradi huo ulikuwa umefutwa. Mwaka 2024 likaja pendekezo la kampuni ya Adani kutoka Uhindi, iliyotaka kuuendesha uwanja huo kwa miaka 30. Mahakama ikaingilia kati, wafanyakazi wakagoma mwezi Septemba, na tarehe 21 Novemba Rais William Ruto akalitangazia Bunge kuwa mpango huo umevunjwa. Katika kelele hizo zote tulibishana ni nani atakayejenga, ni nani atakayemiliki, na faida itaingia mfuko gani. Ni maswali ya haki. Ila sikumsikia mtu akiuliza: raia wa kawaida anaufikiaje uwanja wenyewe, na kwa muda gani? Nami nikiwa mkazi wa Kiserian, katika Kaunti ya Kajiado, swali hilo naliona kuwa ndilo la kwanza.

Nianze na fani yangu, ambayo ni lugha. Kiswahili kina maneno kadhaa katika uwanja huu wa maana. Umbali ni nomino iliyoundwa kutokana na mbali, nayo huonyesha pengo lililopo baina ya mahali na mahali, pasipo kujali iwapo kuna mtu analivuka. Masafa, neno lenye asili ya Kiarabu, lina maana iyo hiyo, ingawa siku hizi limepewa kazi nyingine pia: watangazaji wanatutajia masafa ya redio zao, nao wasimamizi wa elimu wana elimu ya masafa marefu. Muda, ambalo pia ni la Kiarabu, ni kipande cha wakati. Neno linalonivutia kuliko hayo yote, hata hivyo, ni mwendo. Limetokana na kitenzi kwenda, na ndani yake mna mambo matatu kwa pamoja. Kuna umbali, kwa kuwa twasema "mwendo wa siku mbili". Kuna kasi, kwa kuwa gari huwa na mwendo mkali au mwendo wa kobe. Na kuna namna yenyewe ya kwenda, ambayo ndiyo iliyotuzalia mwenendo wa mtu. Umbali unaweza kuwapo bila mtu. Mwendo hauna budi kuwa na mwendaji.

Wazee wetu walilijua hilo bila kufundishwa darasani. Misafara iliyopanda bara kutoka Mombasa katika karne ya 19 ilihesabu njia kwa siku za kutembea na kwa vituo vya maji na chakula. Mojawapo ya vituo hivyo kilikuwa Ngongo Bagas, penye mpaka wa nchi ya Wamaasai na nchi ya Wakikuyu, si mbali na hapa Kiserian. Joseph Thomson alipita huko mwaka 1883, naye Samuel Teleki akafuata mwaka 1887, wote wawili wakiongozwa na kubebewa mizigo na watu wa pwani waliokwisha kuzijua njia hizo. Mpagazi hakuwa na haja ya kuambiwa kuna maili ngapi hadi Ngong. Alitaka kujua atalala wapi na atakunywa wapi. Kwake yeye mwendo ulianza pale alipojitwika mzigo na ulikoma pale alipoutua. Nami nitakishika kipimo hicho katika makala haya, maana sijaona kilicho bora kuliko hicho.

Tuutazame kwanza umbali mtupu, wa uwanja hadi uwanja. Ukichukua longitudo na latitudo za uwanja wa Jomo Kenyatta na za uwanja wa Moi kule Mombasa, kisha ukapiga hesabu ya duara kuu la dunia, unapata kilomita 422 hivi. Hesabu yenyewe si ya ajabu. Wanafunzi wa Kidato cha Nne wamekuwa wakiifanya kwa miaka mingi katika somo la hisabati. Wao hufundishwa pia maili ya bahari, ambayo marubani bado wanaitumia, na hapa pana jambo tamu ambalo sijui kama walimu wa hisabati hulitaja. Maili moja ya bahari asili yake ni dakika moja ya duara la dunia, yaani sehemu ya 60 ya nyuzi moja. Kwa hiyo kutoka Nairobi hadi Mombasa ni maili za bahari 228, au ukipenda, ni dakika 228 za dunia. Dakika za saa ni 45 na dakika za dunia ni 228, na neno ni lile lile moja. Mwanafunzi atakayelifahamu jambo hili hataliona tena somo la longitudo kuwa adhabu.

Hata hivyo, ndege haipiti juu ya ule mstari wetu wa hesabu. Huondoka kwa kuelekea upande ambao njia ya kurukia imeelekea, ikazunguka, ikapanda, na karibu na Mombasa ikaanza kushuka mapema ili ijipange na njia ya kutulia. Uwanja wa Nairobi uko katika kimo cha mita 1,600 na zaidi, ilhali ule wa Mombasa u karibu mita 60 tu juu ya bahari. Zile dakika 45 ni za angani peke yake. Tiketi husema kama saa moja, kwa kuwa mashirika huanza kuhesabu tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inaposimama mwisho wa safari. Kutambaa ardhini, kungoja zamu na kuzunguka vyote vimo. Ndiyo sababu ndege ya rafadha na ndege ya jeti zinaandikiwa karibu muda mmoja katika safari hii, ijapokuwa jeti ina kasi zaidi: safari ni fupi mno kwa ile kasi kupata nafasi ya kuonekana. Kwa tiketi ya saa moja, chombo chenye uwezo wa kwenda kilomita 800 kwa saa kinakuwa kimekwenda kilomita 422 kwa saa. Nusu ya sifa zake imebaki ardhini.

Katika safari ndefu mambo huwa mengine. Tangu tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways imekuwa na safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, umbali wa kilomita 11,800 hivi. Kwenda ni kama saa 15, na kurudi hupungua karibu saa moja, kwa sababu pepo za juu katika latitudo zile huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Huizuia ndege inapokwenda na kuisukuma inaporudi. Umbali ni mmoja na mwendo ni wawili. Mwanafunzi akishalikubali hilo kuhusu Marekani, ataniwia radhi nikimrudisha Barabara ya Magadi.

Kutoka Kiserian hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 29 hivi. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1958 kwa jina la Embakasi, ukiwa umejengwa kwa jasho la mahabusu wa wakati wa hali ya hatari, na ukapewa jina la Jomo Kenyatta mwaka 1978. Uko mashariki mwa jiji. Sisi tuko kusini magharibi. Baina yetu na uwanja pana Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, na humo hakuna matatu inayokata njia kati ya simba na vifaru. Sharti tuizunguke. Tunapita Ongata Rongai, tunafika Bomas, tunaingia Barabara ya Lang'ata, kisha mwenye gari anaishika barabara ya kando ya kusini hadi Barabara ya Mombasa. Asiye na gari anapanda matatu nambari 126 hadi katikati ya jiji, anavuka mitaa kwa miguu na mkoba wake, kisha anapanda nyingine nambari 34 inayokwenda uwanjani. Zile kilomita 29 zinakuwa 40 na zaidi kwa wa kwanza, na kwa wa pili ni heri asihesabu.

Nasi pia tuna pepo zetu. Upepo wa Barabara ya Magadi huvuma asubuhi kutoka jijini, ukawazuia wanaokwenda, na jioni hugeuka ukavuma kutoka Kiserian, ukawazuia wanaorudi. Saa nne za asubuhi, siku isiyo na mvua, mtu anaweza kufika Bomas kabla hajamaliza kusoma ukurasa wa mbele wa gazeti. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi analimaliza gazeti zima, pamoja na matangazo ya vifo, na bado yuko Rongai. Juu yetu, huku tukingoja, ndege ndogo za kutoka uwanja wa Wilson huelekea Maasai Mara zikiwa na wageni watakaotua huko kabla baadhi yetu hatujafika kazini. (Wilson ni mkongwe; historia yake inaanzia mwaka 1929. Na katika mteremko wa Ngong, juu kidogo ya Kiserian, limo kaburi la Denys Finch Hatton, ambaye ndege yake ndogo ilianguka Voi tarehe 14 Mei 1931. Tumekuwa jirani wa ndege kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani.)

Sasa tupige hesabu kwa kipimo cha mpagazi, kuanzia kujitwika hadi kutua. Tuchukue mkazi wa Kiserian mwenye gari au aliyekodi teksi, na siku ambayo barabara si mbaya sana. Kufika uwanjani, saa moja na nusu. Anatakiwa awe huko saa mbili kabla, na asidhani kuwa ni tahadhari ya bure: ukaguzi unaanza barabarani, ambapo abiria huteremka garini wakapita kwa miguu penye mitambo, kisha ukaguzi mwingine, kisha foleni. Safari ya ndege kwa tiketi, saa moja. Kupokea mizigo kule Mombasa, kutoka Port Reitz, kupitia Changamwe na kuingia kisiwani, tuseme saa moja. Jumla ni saa tano na nusu. Umbali wa moja kwa moja kutoka Kiserian hadi kisiwa cha Mombasa ni kilomita 440 hivi. Gawanya 440 kwa tano na nusu: unapata kilomita 80 kwa saa.

Msomaji aliyekuwa mtu mzima mwaka 2004 atakuwa ameshtuka. Kilomita 80 kwa saa ndicho kiwango kile kile ambacho marehemu John Michuki, akiwa waziri wa uchukuzi, aliwawekea wenye matatu kwa vidhibiti mwendo katika kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Februari mwaka huo. Kumbe mtu wa Kiserian anapopanda ndege, anasafiri kwa mwendo wa matatu inayotii sheria! Tofauti ni kwamba matatu ingezunguka na barabara, nayo hesabu yetu imefuata mstari. Lakini jambo lenyewe ni lile lile. Katika dakika 330 za safari yake, zile 45 zinazosifiwa ni pungufu ya sehemu moja kwa saba.

Sisemi kuwa ndege haina faida. Basi huchukua karibu siku nzima ya kazi, na treni ya Madaraka, iliyoanza mwaka 2017, huchukua kama saa tano kutoka Syokimau hadi Miritini, bila kuhesabu kufika Syokimau wala kutoka Miritini. Ndege ingali mbele. Ninalosema ni kuwa uongozi wake ni mdogo kuliko tunavyoambiwa, na tena haugawanywi sawa. Mkazi wa South C, ambaye hufika uwanjani kwa nusu saa, anakwenda Mombasa kwa saa nne na nusu. Ndege ni moja, kiti ni cha bei moja, rubani ni mmoja. Anayeishi Kiserian amelipia kasi ambayo hakupewa.

Kwa mtalii, saa moja zaidi ni saa moja tu. Kwa wengine sivyo. Chukua mfano wa familia ya Kiislamu iliyohamia huku, nao ni wengi siku hizi, inayopigiwa simu alfajiri saa kumi na mbili kwamba mzee amefariki Mombasa na atazikwa baada ya sala ya adhuhuri. Maziko ya Kiislamu hayangoji. Jirani atawaambia, kwa nia njema, "Chukueni ndege, ni dakika 45." Hata wakipata nafasi papo hapo, na wakatoka papo hapo, kwa hesabu yetu watafika kisiwani saa tano na nusu. Adhuhuri ni saa sita na nusu hivi. Inawezekana, basi, lakini kwa sharti kwamba kusitokee lori lililokwama Rongai. Likitokea, ndege itaruka bila wao, na watafika wakiwakuta watu wanarudi kutoka makaburini. Jamaa wa marehemu anayeishi South C alikuwa na saa nzima ya ziada ya kumimina wasiwasi wake. Vivyo hivyo kwa mgonjwa mwenye miadi ya daktari, na kwa kijana aliyeitwa kwenye usaili wa kazi saa tatu asubuhi, ambaye hulazimika kusafiri jana yake na kulipia malazi kwa pesa ambazo ndizo hasa anazozitafuta.

Hapo ndipo siasa ya jambo hili ilipo. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba nchi inanunua ndege zenye kasi maradufu ya za sasa. Mkazi wa Kiserian ataokoa dakika 22 kati ya zile 45 za angani. Tuseme badala yake kwamba safari yake ya barabarani hadi uwanjani inapunguzwa nusu. Ataokoa dakika 45, ndege zikiwa zile zile kuukuu. Na dakika hizo hataokoa yeye peke yake. Zitaokolewa pia na muuza mboga, na mwalimu, na mwanafunzi wa Rongai ambaye hajawahi kuketi katika ndege na pengine hataketi. Kila shilingi ya umma inayotumika uwanjani ina mwenzake ambayo ingeweza kutumika njiani. Sidai kuwa ya njiani ndiyo bora siku zote. Nadai kwamba anayezilinganisha atuonyeshe hesabu yake ilianzia mlango upi.

Barabara ya juu ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2022, ni mfano mzuri. Urefu wake ni kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, nayo imewafupishia mno njia ya uwanjani wale wanaokaa Westlands na kuweza kuilipia ada. Hilo ni jema. Lakini haikuwagusa watu wa Barabara ya Magadi. Reli ilitugusa zaidi, angalau kwa ramani. Mnamo Oktoba 2019 reli mpya ya kutoka Nairobi ilifunguliwa hadi Naivasha, ikiwa na vituo Ongata Rongai na Ngong. Inaivuka ile mbuga kwa daraja refu, wanyama wakipita chini. Treni imepewa ule mstari ulionyooka ambao matatu ilinyimwa! Lakini reli hiyo ilijengwa kwa kuangalia Naivasha na kwingineko mbele yake, si kwa kuangalia abiria wa Kiserian anayewahi ndege ya asubuhi. Huyo atapanda matatu kufika kituoni, atapanda treni, atashuka Syokimau, kisha atatafuta tena gari la kumfikisha uwanjani. Miguu mitatu ya safari badala ya mmoja, na kila mguu una kungoja kwake.

Pana tatizo jingine la mwendo wa ndege ambalo halina uhusiano na lami wala reli, nalo ni letu sisi walimu. Ni kusoma tiketi. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa macheo, na katika nchi iliyo kwenye ikweta, ambapo jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, huo ni utaratibu wa busara kabisa. Tiketi nayo huanza kuhesabu usiku wa manane. Mwanafunzi anayeona 07:00 akasoma "saa saba" amechelewa kwa saa sita. Hilo ni kosa la wazi na hurekebishwa upesi. Lililo gumu zaidi ni la usiku. Kwa hesabu ya jadi ya Waswahili siku huanza magharibi jua linapotua, hivi kwamba usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Shuleni na maofisini tumezoea hesabu ya Kizungu, ambayo usiku wa Ijumaa ni ule unaoufuata mchana wake. Ndege nyingi za nchi za nje huondoka Nairobi karibu na usiku wa manane. Tiketi ikiandikwa Ijumaa 00:30, abiria anatakiwa awe uwanjani Alhamisi jioni. Anayejifungasha Ijumaa jioni, akaagwa na ukoo mzima, atafika na kuambiwa kuwa ndege yake iliondoka karibu saa ishirini na nne zilizopita. Mzee wa Lamu asiyejua kusoma Kiingereza asingekosea hapo. Kwake ule ulikuwa usiku wa Ijumaa tangu jua lilipotua. Anayekosea ni msomi. Magazeti yetu yamefanya vyema kushikilia msemo "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa", na ningependa kuona walimu wa Kiswahili wakiufundisha kama sehemu ya somo la saa, si kama pambo la utangazaji.

La mwisho katika hili ni lile la kutoa. Tuseme ndege inaondoka Nairobi saa tano na nusu usiku, nayo inatua New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwanafunzi hodari atatoa moja kwa nyingine na kupata saa saba. Amesahau kuwa kila saa iliyo kwenye tiketi ni ya mahali pake, na kwamba wakati wa kipupwe New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Saba na nane ni kumi na tano, na hapo hesabu inakubaliana na safari. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni swali hili, na jibu la saa saba huja upesi na kwa kujiamini sana.

Katika vitabu vya hisabati vya shule zetu, mwendo kwa maana ya kasi hupatikana kwa kugawanya umbali kwa muda, na mfano huwa gari linalotoka mji A hadi mji B bila kusimama, bila abiria, bila mvua. Ningewaomba walimu wa Kaunti ya Kajiado wajaribu mfano wenye watu. Kaunti hii inafaa mno kwa zoezi hilo. Kitengela iko kilomita 17 hivi kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta kwa mstari ulionyooka, na njia yake inapitia Athi River na Mlolongo bila mbuga ya kuzunguka. Kiserian iko kilomita 29. Mji wa Kajiado, yaliko makao makuu ya kaunti, uko mbali zaidi ya yote, lakini uko kwenye barabara kuu ya Namanga, na sitashangaa ikionekana kuwa mtu wa Kajiado akitoka alfajiri anafika uwanjani pamoja na mtu wa Kiserian. Sitashangaa, lakini sina hakika, na ndiyo maana zoezi linafaa kufanywa. Wanafunzi wa miji hii mitatu waandike, kwa muhula mmoja, safari za wazazi, kaka na dada zao wanaokwenda kazini pande za Embakasi, maana huko kuna viwanda na maghala na hawatakosa wa kuwauliza. Waandike siku, hali ya mvua, aina ya gari na nauli. Safu ya kwanza ya jedwali iwe ni saa ya kufunga mlango wa nyumba, nayo iandikwe kwa Kiswahili: saa kumi na robo alfajiri, si 04:15. Na watoto wa Kitengela wasichekwe wakileta namba ndogo.